Gari ya baba ililala miezi kumi na nne Moshi, haya ndo niliyoyakuta

Desemba 2021 nilishuka stendi ya Moshi alfajiri nikitokea Kigoma, siku mbili barabarani, na njia nzima kichwani nina mambo mawili tu, mama na gari. Nilishapanga kabisa, nafika nyumbani Rau, nakunywa chai, navua turubai, napiga selfu iwake, mchana tunapandisha Kibosho mimi na mama tukasafishe kaburi la baba maana tangu tumzike sikuwa nimerudi pale. Hiyo safari tulikuja kwenda na Hiace ya abiria, gari ilikuwa haiwezi kusogea hata hatua moja.

Nieleze kwanza ni gari gani. Ni RAV4 ya zamani, ile ya milango mitano, injini ya 3S, otomatiki, baba aliinunua ikiwa imeshatumika na akaitunza kama mtoto. Mwaka wake wa mwisho hiyo gari ndo ilikuwa inampeleka hospitali ya KCMC kliniki, tulikuwa tunalaza kiti cha mbele anajinyoosha, naendesha taratibu nakwepa mashimo, na mpaka leo ile sehemu ya mlango alipokuwa anashika kujiinua pamechakaa. Kwa hiyo mtu akiniambia si ungeuza ununue nyingine simlaumu, hajui tu.

Oktoba 2020 nikapata mkataba wa kazi Kigoma, nikasema miezi sita, ikaongezwa, ikaongezwa tena, ikawa kumi na nne. Nilivyoiacha sasa. Niliipaki nyuma ya nyumba chini ya mparachichi kwa sababu pana kivuli, juu ya nyasi, nikavuta hendbreki mpaka mwisho, mafuta yalikuwa robo tanki nikaona ya nini kujaza gari inayolala, nikaifunika na turubai la bluu lile la plastiki nikalikaza kamba kwa chini ili mvua isipenye. Funguo nikampa mdogo wangu, wakati huo yuko kidato cha tatu, nikamwambia kila Jumamosi iwashe dakika kumi, betri isife na injini isigande. Dogo akafanya. Kila Jumamosi ananirekodia mlio wa injini ananitumia WhatsApp, mi niko Kigoma nasikiliza narudia mara mbili tatu naona kila kitu kiko sawa. Ilipofika kama mwezi wa tano tangu niondoke zile sauti zikakoma. Nikiuliza ananijibu ipo poa kaka. Kumbe iligoma kuwaka na akaogopa kuniambia kwa sababu alidhani kaiua yeye. Hilo linaniuma mpaka leo, maana alifanya kile kile nilichomwagiza bila kupunguza kitu, agizo lenyewe ndo lilikuwa bovu.

Basi siku hiyo nikavua turubai. Kwanza likanijia joto la unyevu usoni, harufu kama ya nguo zilizosahaulika kwenye beseni. Turubai la plastiki halipumui, mvuke wa ardhini unapanda kwenye nyasi usiku unagonga kule juu unageuka maji unadondokea gari, asubuhi jua linapiga, unapanda tena, hivyo hivyo miezi yote. Na Moshi yetu masika ikianza mwezi wa tatu mpaka wa tano ardhi haikauki. Rangi ya boneti ilikuwa na mabaka meupe pale turubai lilipokuwa linasugua kwa upepo, vumbi liko katikati linafanya kazi ya msasa. Nikafungua mlango, usukani umeota ukungu mweupe mwembamba kama unga wa ngano, mikanda ya viti ina madoa ya kijani, kiti cha baba nacho kina ukungu. Nilisimama pale muda mrefu mama akaja akanishika bega akasema mwanangu, chai inapoa.

Fundi wetu ni mzee mmoja tunamwita Babu, alikuwa anaijua hiyo gari tangu enzi za baba. Alikuja mchana na begi lake, nami nilishaazima betri ya jirani tayari kwa kuishtua, akaniona na zile waya mkononi akasema, "Kijana, weka chini hizo. Gari iliyolala haiamshwi kwa kupigwa." Akaanza kufungua kitu kimoja kimoja bila haraka.

Alianza na kava la filta ya hewa. Ndani hakuna nafasi, kuna kiota. Magunzi ya mahindi, ile sponji ya chini ya boneti imechambuliwa vipande vipande, maganda ya parachichi, vinyesi vya panya kama punje za mtama. Mama anaweka magunia ya mahindi kwenye kibanda hatua kama tano kutoka pale, kwa hiyo panya wana chakula kule na nyumba huku. Chini yake waya za kwenda kwenye injekta, zile zinazopuliza mafuta kwenye injini, zimetafunwa mpaka shaba inaonekana, nne zimekatika kabisa. Babu akaniuliza, "Ungepiga selfu hapa moto ungetokea wapi?" Mi sikuwa na jibu.

Halafu akafungua kifuniko cha oili akakigeuza akanionyesha. Chini yake kulikuwa na kitu kama uji mzito wa rangi ya maziwa na kahawa. Nikashtuka nikajua gasketi ya silinda hedi, ile inayotenga maji na oili, imekufa, akasema hapana, hizo ni zile Jumamosi zako. Na hapa ndo nataka nikae kidogo kwa sababu naona watu wengi sana wanaacha gari na agizo kama langu, watu wazima, wasomi, wanaambiana iwashe dakika kumi tu.

Alivyonieleza ni hivi. Mafuta yakiungua kwenye injini yanatoa moshi na maji, maji mengi tu, ndo maana asubuhi ya baridi unaona ekzosi inadondosha matone. Gari ikitembea safari ya maana injini inapata moto wa kutosha na hayo maji yanageuka mvuke yanatoka. Lakini ukiiacha sailensa, yaani inaunguruma imesimama, dakika kumi halafu ukazima, oili haijapata moto wa maana, ekzosi haijapata moto, maji yanabaki humo humo yanachanganyika na oili, mengine yanakaa kwenye ekzosi yanaila kwa ndani. Wiki ijayo unaongeza mengine. Kwa hiyo dogo kwa miezi mitano alikuwa anaimwagia injini maji kijiko kwa kijiko, kwa mapenzi mema kabisa.

Na betri nayo, fundi umeme aliyekuja kesho yake alinipigia hesabu chini kwa kijiti. Gari ikiwa imezimwa kuna vitu bado vinakula, saa, kompyuta, alamu hasa hizi za kufungwa madukani, kwa gari yangu alipima na mita ikasoma miliampea 30. Kidogo sana ukiitazama. Ila kwa siku ni kama ampea-saa 0.7, kwa wiki 5, na betri yangu ya NS60 ina ampea-saa 45 kwa ujumla, maana yake hata bila kuguswa kama miezi miwili imekwisha kabisa, na kuwaka itagoma mapema zaidi ya hapo. Dakika kumi za sailensa hazirudishi hata kile kilicholiwa wiki nzima, na kila ukipiga selfu unachota tena. Siku hiyo betri ilisoma volti 4 na kitu. Betri nzima iliyojaa inasoma 12.6 hivi, ikishuka 12.4 ujue robo imeshaondoka, ikifika 12 inakaribia kuisha, na ikikaa hivyo wiki na miezi zile sahani za ndani zinaota salfeti ngumu ambayo chaja haiitoi tena. Tulijaribu kuichaji usiku kucha, asubuhi ikasoma vizuri nikafurahi, kuiwekea mzigo tu ikaporomoka. Ikabidi kununua mpya.

Mafuta nayo sikujua kama yanaharibika, nilikuwa nadhani petroli ni petroli. Babu alichomoa paipu akakinga kwenye chupa ya maji ya kunywa akanipa ninuse, haikuwa ile harufu kali ya sheli, ilikuwa kama vanishi ya fundi seremala, na rangi imeenda kahawia. Petroli ikikaa miezi vile vyepesi vinavyowaka haraka vinayeyuka vinaenda, inabaki nzito yenye gundi, miezi mitatu mpaka sita ishaanza kupoteza nguvu, na mimi nilikuwa nayo kumi na nne. Tena robo tanki maana yake robo tatu ni hewa, na hewa ya Moshi mchana joto usiku ubaridi wa mlimani, unyevu unaganda kwenye kuta za tanki unashuka chini, chini ya ile chupa kulikuwa na duara la maji limekaa peke yake kabisa linaonekana kwa macho. Pampu ya mafuta ilikuwa imeshikana, injekta zikaenda kusafishwa, filta ikatupwa.

Breki za nyuma za hiyo gari ni dramu, ile ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu, ndani yake kuna shuu zenye lainingi zinazosugua kuisimamisha. Hendbreki niliyoivuta mpaka mwisho siku naondoka ilikuwa imezibana shuu kwenye dramu miezi yote hiyo na kutu ikaziunganisha zikawa kitu kimoja. Babu alipiga nyundo kuzunguka dramu kama nusu saa, gurudumu la kulia likaachia kwa mlio wa bunduki, kuku wa mama wakatawanyika, la kushoto tulipofungua tukakuta kipande cha lainingi kimebaki kwenye dramu. Za mbele zilikuwa na kutu ya juu juu kwenye diski, hiyo ilisafika yenyewe kwa kufunga breki pole pole.

Maji ya rejeta, nilikuwa natumia maji ya bomba, yalitoka rangi ya chai. Tukaisukutua mara tatu tukaweka kulanti, maji maalumu ya rejeta.

Tairi zilinidanganya. Tulijaza upepo zikasimama vizuri nikaona nimeokoa hela, wiki mbili baadaye nikaenda Arusha, nilipopita Boma ya Ng'ombe nikiwa spidi 80 usukani ukaanza kutetemeka mpaka meno yanagongana. Nikadhani itaacha zikipata joto maana kweli tairi iliyolala siku chache inarudi yenyewe ikitembea kidogo, ila hizi zilikaa na upepo mdogo miezi sehemu moja, zilishashika umbo la bapa. Nilisimama karibu na njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA nikaziangalia vizuri kwa jua, pembeni zina mipasuko midogo midogo kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi. Zina zile tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, zangu zilikuwa 2213, yaani wiki ya 22 mwaka 2013. Nilitoka pale kwa spidi 50 mpaka Arusha na nikanunua nne mpya siku hiyo hiyo. Jumla ya yote, na kazi za mafundi, ilikaribia milioni mbili, hela ambayo nilikuwa nimeiweka nimjengee mama jiko.

Huko Arusha nilifikia kwa shemeji yangu anayekaa mtaa wa Njiro, dereva wa watalii, na usiku ule nikamsimulia yote, akaniambia shem, sisi 2020 tulipitia shule hiyo hiyo. Ndege za abiria za nje zilisimamishwa Aprili mwaka ule zikaruhusiwa tena 18 Mei, ila wageni hawakurudi siku hiyo hiyo, Land Cruiser zikalala yadi miezi na miezi. Kule Arusha watu wa utalii wamezoea gari kukaa Aprili na Mei kila mwaka kwa sababu ya mvua, kwa hiyo wana taratibu zao, lakini kukaa kule kulikuwa ni kwingine. Akaniambia gari ambazo ziliamka vizuri ni zile ambazo waliamua moja, ama inalazwa kabisa au inatembezwa kweli. Inayotembezwa, inatolewa barabarani nusu saa na zaidi mpaka injini ishike joto kamili, breki zifanye kazi, gia zote zipite, AC iwashwe hata kama ni baridi ili oili yake izunguke isiache sili zikakauka. Inayolazwa inalazwa, betri nje, haiguswi. Zile za katikati, za kupigwa selfu na mlinzi halafu zinazimwa, ndo zilisumbua wote. Za dizeli nazo zina ugonjwa wao, dizeli inakaa muda mrefu kuliko petroli lakini maji yakiingia tanki kuna vijidudu vinaota pale maji na dizeli vinapokutana, vinatengeneza ute mweusi unaoziba filta, walikuwa wanafungua ile koki ya chini ya filta kutoa maji kabla ya kuwasha hata mara moja.

Nilirudi Moshi na hayo maneno.

Machi 2023 nikaitwa tena kazini, safari hii Mtwara, miezi kumi. Nikaomba wiki moja kabla ya kuripoti kwa ajili ya gari tu, na wenzangu walishangaa.

Kwanza nilijenga banda. Nguzo sita, mabati, chini nikamwaga zege jembamba lililoinuka kidogo kutoka kwenye ua, mbali na mparachichi na mbali na kibanda cha mahindi. Mparachichi una kivuli kweli lakini unadondosha majani, matunda, utomvu na kinyesi cha ndege, na kinyesi cha ndege kikikaa kinakula rangi. Kama mtu hana hela ya banda basi hata matofali chini ya tairi na ardhi iliyofyekwa ikamwagwa kokoto, nyasi hapana.

Nikaiosha, na chini pia, matope ya kwenye mapaja ya gari yanashika maji kama sponji na kutu inaanzia pale. Ndani nikatoa kila kitu, kapeti, makombo ya mahindi ya kuchoma, pipi, risiti, maana panya hahitaji mwaliko mkubwa. Oili nilimwaga nikaweka mpya kabla ya kulaza, watu wengi wanasema nitabadilisha nikirudi, lakini oili iliyotumika ina asidi na maji yaliyokusanyika na hicho ndo kitu unachokiacha kinalala na beringi miezi yote. Breki fluidi nayo nikaweka mpya kwa sababu inanyonya unyevu kadri inavyokaa.

Mafuta nikajaza tanki mpaka juu pale sheli, nikatembea nayo kidogo ili mafuta mapya yafike mbele, nikalaza. Tanki likijaa hewa haina nafasi, na maji hayana pa kuganda. Yanazeeka bado, ila mengi yanazeeka taratibu, na ukirudi unachanganya na mapya.

Upepo wa tairi nilipandisha kutoka 30 mpaka 40, chini ya ile namba ya mwisho iliyoandikwa ubavuni. Hendbreki chini kabisa, gia kwenye P, magogo mawili mbele na nyuma ya matairi. Betri nikaitoa, spana namba 10, hasi kwanza halafu chanya, maana ukianza na chanya na spana ikagusa bodi unapata cheche ya kukuunguza mkono, wakati wa kurudisha unageuza, chanya kwanza hasi mwisho. Betri nikaipeleka ndani, dogo safari hii alikuwa mkubwa, nikamwachia chaja na mita na kumfundisha kusoma, mara moja kwa mwezi anapima, ikiwa chini ya 12.5 anachaji.

Ekzosi na mdomo wa kuvutia hewa niliziba na stilwulu, zile nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, panya hapendi kuitafuna na manyigu hawapiti. Hapa kuna hatari moja, ukisahau ukawasha umeua injini au umeibana ekzosi, kwa hiyo nilichana kipande cha kitenge chekundu cha mama nikakifunga kwenye usukani, fundo kubwa, mtu hawezi kukaa pale asikione. Sumu ya panya ndani ya gari msiweke. Jirani yetu mmoja aliweka, panya akafia kwenye mrija wa feni ya AC, ilibidi dashibodi ishuke yote. Mitego niliiweka nje ya banda.

Turubai sikutumia. Niliifunika na mashuka mawili ya pamba ya zamani yaliyoshonwa pamoja, chini ya bati kinachotakiwa ni kuzuia vumbi tu. Vioo niliacha uwazi wa ukucha, waipa nikaziinua zisigande kwenye kioo, mipira ya milango nikaipaka silikoni, na ndani nikaweka ndoo mbili za mkaa mkavu, moja mbele moja nyuma. Mkaa unavuta unyevu na harufu, mama alikuwa anaubadilisha kila mwezi na ule wa zamani anapikia, hakuna kilichopotea.

Upande wa karatasi, tangu 2017 ile rodi laiseni ya kila mwaka ilifutwa ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta, kwa hiyo siku hizi gari iliyolala haijilimbikizii deni kama zamani. Bima ni kuamua mwenyewe, mi nililipia bima kubwa pia mwaka ule kwa sababu ya wizi na moto, kwa wengine itakuwa hela nyingi kwa gari iliyosimama, lakini isiingie barabarani hata kwenda kwa fundi kama bima imekwisha.

Na kitu ambacho naona ndo kiliokoa kuliko vyote ni daftari. Daftari la shule la kurasa 48, limening'inizwa jikoni kwa uzi. Nilimwambia mama na dogo, sitaki mseme ipo poa, andikeni mlichokiona, hata kikiwa kibaya hakuna atakayegombezwa. Dogo anaandika volti na upepo na kila mwezi anaitoa kwenye P, anaisukuma na wenzake robo mzunguko ili tairi zisilale sehemu moja, P na magogo vinarudi. Mama anaandika mengine. Nilipolisoma baadaye nilikuta kwa mwandiko wake, "Juni tarehe 11, nimefunua shuka, panya hayupo. Julai tarehe 9, baridi kali, mkaa ulikuwa na unyevu nimeuanika. Agosti, nimekaa ndani kidogo." Hiyo ya Agosti hakuongeza kitu na mi sikumuuliza. Agosti ndo mwezi baba alifariki.

Ile mvua ya El Niño ya mwishoni mwa 2023 ua wetu ulijaa maji mpaka karibu na ngazi, dogo alinipigia usiku akaniambia ukweli wote, maji yako wapi, zege limebaki kiasi gani juu, akanitumia picha na tochi. Hayakufika kwenye ringi.

Nilirudi Januari 2024. Safari hii nilikunywa chai kwanza. Nikalala chini nikaangalia kama kuna kilichovuja, nikaangalia mkanda wa alteneta kama umepasuka, nikafungua kava la filta, safi, nikapima oili, kulanti, nikakanyaga breki mara kadhaa nione kama pedeli inashika au inazama. Nikatoa stilwulu pande zote mbili. Betri ilisoma 12.6, nikafunga chanya, nikafunga hasi. Funguo niliweka on nikasubiri pampu ivute, nikazima, on tena, mara tatu hivi ili mafuta yapande kabla ya selfu. Babu alikuwa amesimama dirishani hasemi kitu. Ikawaka mara ya kwanza. Ilitikisika kama sekunde kumi halafu ikatulia.

Sikuiacha sailensa ikae. Nilitoka nayo taratibu barabara ya KCMC, kwanza breki zinakwaruza kutu kwa mlio wa karatasi, baada ya kama kilomita mbili zikanyamaza, nikarudi nikaangalia chini tena kama kuna tone, nikashusha upepo wa tairi mpaka 30, nikaongeza mafuta mapya, na Jumapili yake baada ya ibada mama akapanda mbele kushoto tukapandisha Kibosho. Alishusha kioo njia nzima. Tulipofika kihambani, shamba la ukoo, akakuta bado nimesahau kile kitenge kwenye usukani, nilikifungua fundo nikakisogeza tu pembeni, akakichukua akakikunja vizuri mara nne akakiweka kwenye droo ya dashibodi, akasema kikae humo humo, utaondoka tena.